Ngazi ya Katikati

Jumatatu, 14 Julai

Baba amenibeba tena. Ngazi tatu za duka, kama kila asubuhi. Huzihesabu sikioni mwangu: moja, ya kati imemeguka, tatu. Kisha hurudi chini kuchukua kiti changu cha magurudumu. Leo kwenye ya kati goti lake liligoma. Tukayumba. Wazee wa barazani wakacheka: "Bi harusi amekuwa mzito, Mzee Hamisi." Baba naye akacheka. Nilipima asali ya wateja bila kuinua macho.

Nina miaka ishirini na sita na shahada ya sheria. Nachukia kubebwa. Naogopa zaidi siku atakayoanguka.

Jumatano, 16 Julai

Nimewaandikia manispaa. Bila jina. Sheria inataka kila jengo la biashara liweze kufikiwa na watu wenye ulemavu. Duka hili lina ngazi tatu, ya katikati imemeguka. Mama mmoja wa kijiji cha Puge anayetembelea magongo huuziwa asali akiwa barabarani, juani. Yote kweli. Bado najiona mchongezi.

Mwaka jana nilimwomba Baba ana kwa ana tujenge njia ya mteremko. Akaniuliza, "Kwani mimi nimekufa?" Sikurudia.

Jumatatu, 21 Julai

Kila anayepita na faili mkononi, natoka jasho. Hakuna aliyekuja. Natamani waipoteze barua.

Jumanne, 22 Julai

Amekuja. Afisa wa manispaa, dada wa rika langu. Akamwamkia Baba, akapima ngazi kwa utepe, akatoa notisi: siku kumi na nne, la sivyo leseni haihuishwi.

"Mteremko wa duka hili ni mimi, mwanangu," Baba akamwambia. "Muulize huyo."

Wote wakanigeukia. Nikasema Baba hajawahi kuniangusha. Mwoga mimi.

Kisha afisa akasoma malalamiko kwa sauti. Alipofika kwenye ngazi iliyomeguka, ilibidi ainame kuutafuta ufa wenyewe. Hauonekani. Baba huuhisi kwa kisigino, nami tu naujua kwa sababu huniambia. Nikamwona Baba anaacha kufunga ndoo ya asali.

Jumatano, 23 Julai

Amenibeba bila kuhesabu.

Alhamisi, 24 Julai

Tumekunywa chai kama wageni wawili wa gesti. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 25 Julai

Alirudi kutoka msikitini, hakufungua duka. Akaketi mbele yangu.

"Ungeniambia umechoka kubebwa."

"Nilikuambia, Baba."

Akalikanda goti lake. Akasema nilipougua utotoni aliapa kwamba popote alipo yeye, mimi nitaingia.

"Na mahali usipokuwepo?"

Nilijuta palepale. Lakini swali lenyewe sijutii.

Jumatatu, 28 Julai

Fundi amekuja. Alitaka kujenga mteremko mfupi, mkali, kama wa kupandishia pikipiki. Nikakataa. Nikamchorea. Ili uwe mrefu na usio mkali, lazima nusu ya baraza ivunjwe, ile wanayokalia wazee tangu sijazaliwa. Fundi akamtazama Baba.

"Vunja," Baba akasema.

Wazee wamehamia kwa muuza kahawa ng'ambo ya barabara. Wamenuna. Mmoja amesema bi harusi kavunja nyumba. Baba hakucheka.

Jumamosi, 2 Agosti

Saruji inakauka. Baba huimwagilia maji mwenyewe asubuhi na jioni. Hataki mtu aikanyage. Nahofia atakapokuwa bila kazi ya kunibeba, atanitazama vipi.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika dukani mapema, barabara tupu. Baba akaachia kiti. Mikono yake ikabaki mbele, imekunjwa, kama bado imeshika kitu. Kisha akaiteremsha.

Nikashika magurudumu nikapanda. Yeye akapita kwenye ngazi zilizobaki, pembeni yangu. Nikamsikia akihesabu, taratibu. Moja. Ya kati imemeguka. Hapo akapumzisha goti.

Nikafika kwanza. Nikamngoja mlangoni.