Pesa Ni Mizani

Queensbury, London
Jumanne, baada ya kazi

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku niliko. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mjomba Issa inakusaidia, au umeshaitia kabatini pamoja na zile nyingine? Na presha, unakwenda kupimwa? Usinijibu "alhamdulillahi" halafu ukanyamaza, nakujua. Sisi wazima. Shenaz ameng'oka jino la mbele, akisema anapiga mluzi. Kakangu Anwar mzima pia, na ubishi wake mzima vilevile.

Nilikuahidi habari za safari ya Italia na nimekawia wiki tatu. Si kazi iliyonizuia. Kila nikishika kalamu naona sina kitu ndani. Silii, sicheki. Nakunja mashati kiwandani mpaka kengele ilie, nakuja nyumbani, napika, nalala. Leo nimejikalisha kwa nguvu.

Babake Shenaz bado yuko kule kwenye kambi ya wakimbizi. Hili unalijua, lakini barua zangu husomwa na nyumba nzima na Mama Mkubwa husahau, kwa hiyo narudia. Tulipofukuzwa Kampala, mimi na mtoto tulikuwa na pasipoti ya Kiingereza, yeye hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Tukapandishwa ndege mbili. Yetu ikaja London, yake ikaenda Italia. Sasa karibu miaka miwili. Ameomba kuja huku mara mbili, mara mbili amekataliwa.

Basi mwezi wa saba akaniandikia kwamba Sweden wako tayari kumchukua. Kuna fomu ya kujaza kabla mwezi wa nane haujaisha, aandike wanaokwenda ni mmoja au watatu. Akasema jambo hilo haliamuliwi kwa stempu, lazima tuonane. Yeye hana ruhusa ya kutoka Italia, ila kambini wangempa siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Tukutane kwenye ziwa moja kubwa la kaskazini, Garda, kwa sababu yeye analijua. Kuna mwenye lori humchukua kumpakilia mapichi, na hupita pale.

Anwar akasema atatupeleka. Alikuwa amenunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akatia vitanda viwili, jiko la gesi na pazia. Ubavuni bado pana picha ya mkate mkubwa uliokatwa. Nikamwambia apake rangi. Akasema rangi ya nini, injini ndiyo gari. Tukaenda hivyo hivyo, siku tatu, Ufaransa yote na milima yote, na ule mkate wetu.

Hoteli tusizitaje. Hata pale wanapolaza magari ya kulala, mwezi wa nane pamejaa Wajerumani, wana viti vya kukunja, meza, mbwa, na bei yake ya siku moja ni mshahara wangu wa siku mbili. Babake Shenaz alilijua hilo. Aliandika waziwazi: "Msihangaike na kambi za watalii. Njooni upande wa kusini, mji huu" (na jina lake akalitaja) "mtafute mizani ya malori. Ubavuni mwake pana uwanja wa bure, wenye magari ya kulala huegesha hapo, na bomba la maji lipo. Nitawangoja kuanzia Ijumaa adhuhuri."

Ijumaa saa tisa tukaingia mji ule. Natafuta mizani. Mimi ya malori sijawahi kuiona, nikawa natazama juu, nikidhani nitaona kitu kama ile ya sokoni kwetu, sahani na minyororo, ila kubwa. Hamna. Pana kibanda kidogo kimefungwa, mbele yake bamba la chuma chini ardhini, na uwanja nyuma una magari mawili matatu. Na juu ya kibanda, herufi kubwa kama za duka: PESA PUBBLICA.

"Umeona?" Anwar akasema. "Pesa. Hapa wanalipisha."

"Na hilo la pili?"

"Pabliki. Pesa za serikali. Hiyo ofisi ya kodi, Khatija."

Mimi niliposikia ofisi nikamwambia aondoke. Nimechoka na ofisi. Tukazunguka mji, tukarudi, PESA ile ile, tukapita tena. Nikamwambia Anwar tuulize mtu. Kuuliza si ujinga, lakini Anwar tangu azaliwe hajauliza njia. Akasema huenda mji umekosewa, mizani iko mbele.

Tukapanda na ziwa upande wa magharibi. Barabara nyembamba, inaingia ndani ya mlima giza tupu, inatoka, maji haya hapa chini ya gurudumu. Watu husema pazuri. Naamini. Mimi nilitazama maji nikaona maji. Kambi ya kwanza imejaa. Ya pili mwenyewe alitazama gari, akatazama uso wangu, akatikisa kidole. Ya tatu nafasi ipo, bei ikamfanya Anwar acheke peke yake. Pembeni mwa barabara pana vibao vya kukataza. Mwisho padri mmoja alituonyesha uwanja wa mpira nyuma ya kanisa, bure, akatuletea na maji. Mungu amlipe, ila alfajiri kengele zake zilipolia Shenaz aliruka kitandani akagonga kichwa kwenye dari.

Ndivyo Ijumaa yote ilivyokwenda, Mama. Siku moja katika tatu.

Jumamosi tukarudi kusini. Palikuwa na soko. Nikashuka kununua nyanya, mkononi nimeshika noti. Yule mama muuzaji akaziweka nyanya kwenye mizani, sindano ikapanda, akaniambia, "Pesa due chili." Nimesikia pesa, nikampa noti. Akaisukuma. Nikampa nyingine. Akacheka, akaisukuma, akaigonga sahani ya mizani kwa kidole: "Pesa! Pesa!" Akaninyanyulia vidole viwili. Kilo mbili. Anasema zina uzito wa kilo mbili.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa na muuza nyanya. Nikaziacha nyanya pale pale. Nikakimbia mpaka garini, buibui sina lakini kama ningekuwa nalo ningelikanyaga.

"Anwar! Pesa ni mizani!"

"Nini?"

"Kwao pesa ni mizani! Ile ofisi yako ya kodi ndiyo mizani!"

Akatia gia.

Tukamkuta nyuma ya kibanda, upande wa kivuli karibu na bomba, amekaa juu ya begi. Ndani ya kofia yake mna mapichi, ya juu yamekwisha kulainika. Alikuwa hapo tangu jana adhuhuri. Tulipeana mikono kama watu wa ofisini. Mbele ya Anwar ningefanya nini?

"Umekonda," nikamwambia.

"Wewe umenenepa," akasema. "Haidhuru." Halafu akatazama lile gari. "Nililiona jana. Mara mbili. Nikasema wanaleta mikate."

Anwar akacheka mpaka akakaa chini. Na yeye akacheka. Mimi nikatabasamu, kwa kuwa mahali pale ndipo pa kutabasamu.

Shenaz alijificha nyuma yangu. Nikamwambia, msalimie. Akatoa kichwa akasema, "Hello, Uncle." Kwa mtoto wa huku kila mwanamume anayeingia nyumbani ni Uncle, rafiki wa Anwar, mpangaji, mtu wa mita ya gesi. Nikamwambia kwa Kiswahili, huyu babako. Anaelewa, Mama, kila neno anaelewa. Akasema, "Yes, Mummy," akachukua pichi. Baada ya dakika tano: "Uncle, can I have another one?" Babake akampa lililo zuri kuliko yote.

Magharibi tukakaa kwenye kizingiti cha mizani, mimi na yeye. Akatoa fomu. Nilikuwa na jibu langu tangu London, nilikuwa nimelipanga na Anwar: ngoja. Omba mara ya tatu. Mimi nimepata kazi, mtoto yuko shule, kaunsili wameniandika kwenye orodha ya nyumba. Kule Sweden nianze tena a-e-i-o-u, na baridi kuliko hii? Nikayasema yote. Hakubisha. Akasema, "Sawa. Basi nitajaza mmoja." Akaikunja fomu mara nne.

Sikuhisi kitu. Nakwambia kweli kwa sababu wewe ndiye mamangu. Namwona mume wangu anakunja karatasi ile, na mimi mawazo yangu yako kwenye dengu nilizoziacha jikoni, zisiungue.

Jumapili alikuwa arudi kwa treni ya saa kumi. Tukamsindikiza stesheni. Akampa Anwar mkono, akanipa mimi mkono, akachuchumaa mbele ya Shenaz. Na Shenaz, amefunzwa adabu shuleni, ukitoka nyumba ya watu unashukuru kwa kukaribishwa. Akanyoosha mkono wake. Akasema, "Thank you for having us, Uncle."

Akamjibu, "Karibu tena, mwanangu." Akapanda treni.

Hapo, Mama, hapo kitu kikanichoma. Sijui kilikuwa kimelala wapi karibu miaka miwili mizima. Treni imeanza kujivuta, nikalipiga dirisha lake kwa kiganja.

"Watatu!" nikamwambia. "Andika watatu!"

Akashusha kioo. "Umesema?"

"Andika watatu, Karim!"

Nilimwita kwa jina, mbele za watu, kwa sauti ya muuza samaki. Nisamehe. Najua hukunilea hivyo.

Anwar aliendesha kwa kasi mpaka tukaingia Ufaransa. Kisha akasema nina wazimu, nimetupa chakula mezani. Huenda kweli. Nimekwisha kupata barua kwamba fomu imepokelewa, majina matatu, na kwamba tutangoja, labda mpaka majira ya baridi yapite. Nimefurahi? Sijui. Ile siku ya stesheni imepita na nimerudi kuwa mtu wa kukunja mashati. Lakini nilichosema sikirudishi.

Nisalimie Mama Mkubwa Zainabu, mwambie miguu yake ya ugonjwa wa sukari asiiache bila viatu. Mjomba Issa, namshukuru kwa kukusomea macho yako yanapochoka, na hapa nilipomtaja apokee salamu yake. Wifi yangu Mwanaisha na mtoto mchanga, nimesikia amefanana na ami yake Anwar, Mungu amsaidie. Fundi wetu wa cherehani hapo chini, mwambie gauni alilonishonea bado lanienea, japo kwa shida.

Sasa ombi, Mama, nalo ni zito. Sisi tulitoka Kampala bila picha hata moja, sanduku lilibaki kwenye kizuizi cha barabarani. Kwako kuna ile ya harusi, juu ya redio. Najua ndiyo pekee, na najua unaitazama. Itoe kwenye fremu, unitumie kwa rejista. Shenaz ameanza kusoma. Nyuma yake muandikie kwa mkono wako, kwa Kiswahili, herufi kubwa: HUYU SI UNCLE. HUYU NI BABAKO.

Mwanao,
Khatija