Kabla Mto Haujafungwa

Guildford, Sydney
10 Mei 2020

Mwanangu Jerotich,

Hujambo huko Perth? Mumeo Bahizire naye, na mjukuu wangu Chibalonza? Ulipopiga simu juzi nilimsikia akilia, lakini maneno yako yote yalinipita. Masikio yangu na simu havielewani tena, ndiyo maana nakuandikia. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mzee wa umri wangu. Lazare, yule jirani Mrundi, huniletea mkate na maziwa, akaviacha mlangoni, kisha akarudi hadi getini ndipo tusalimiane kwa kupaza sauti. Mtaa mzima sasa unajua habari zangu.

Hospitali bado naenda mara tatu kwa wiki. Mshipa wa mkononi wanaoutumia kwa mashine ya figo unaanza kuziba tena. Daktari anataka kunipasua, aniwekee mrija hapa karibu na shingo. Nimelifikiria jambo hili tangu Pasaka. Sitaki kupasuliwa tena, mwanangu. Nataka kuiacha mashine. Daktari amenieleza bila kunificha: nikiacha zitakuwa siku chache, pengine wiki mbili, na watanipa dawa nisiumie.

Kabla ya hapo nataka kwenda mtoni. Unaukumbuka Mto Thredbo? Wakati huu, vuli ya huku inapokwisha, samaki wakubwa aina ya trauti hutoka ziwani Jindabyne na kuupanda mto wakatage. Kwa sasa tumekatazwa kusafiri kwa sababu ya korona, lakini watu wanasema huenda Juni tukaruhusiwa. Baada ya wikendi ya sikukuu ya Malkia, mwanzoni mwa mwezi huo, mto unafungwa, hakuna kuvua tena hadi masika ya huku, Oktoba. Lazare amesema atanipeleka.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Niandikie.

Baba yako


Perth
19 Mei 2020

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, mtoto amepata jino la pili. Afya yako sikuulizi, umeshaniambia.

Baba, mimi ni nesi. Nimewashika mikono watu walioacha mashine. Usiniandikie jambo hilo kana kwamba unahama nyumba. Mama alipofariki ulinishika bega ukasema tumebaki wawili. Sasa unataka nibaki na nani?

Mpaka wa jimbo la huku umefungwa. Kutoka naweza, lakini kurudi ni hadi wanipe ruhusa, na wapo wenzangu kazini walionyimwa. Chibalonza bado ananyonya. Nakuomba jambo moja tu: kubali huo mrija, unisubiri. Mpaka ukifunguliwa nitakuja naye, umshike kwa mikono yako.

Na mtoni usiende. Maji yale ni barafu, na moyo wako unaujua ulivyo. Tafadhali, Baba.

Mwanao,
Jerotich


Guildford
9 Juni 2020

Mwanangu Jerotich,

Habari za huko? Meno ya mjukuu wangu yanaendeleaje? Mimi nipo, nashukuru.

Nilikwenda. Nakuambia mwenyewe usije ukaambiwa na Lazare.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, siku moja baada ya mashine, siku ambayo huwa napata nafuu kidogo. Lazare aliendesha, mimi nikalala karibu njia nzima. Tulipofika, nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa baridi. Alinivalisha ile suruali ya mpira inayofika kifuani kama anavyovalishwa mtoto, akaushika mkanda wangu kwa nyuma, tukaingia majini hadi magotini.

Yeye hajawahi kuvua hivi. Nilipomwonyesha nzi wangu wa bandia, manyoya ya kuku na uzi mwekundu juu ya ndoana, aliniuliza kwa heshima kabisa kama samaki wa Australia ni wajinga. Nikamwambia kazi hii niliianza nikiwa kijana, kwenye mabwawa ya kufugia trauti kule Mlima Kenya, na sijawahi kumwona trauti mjinga. Mkono wa mashine hauna nguvu tena, kwa hiyo nilirusha mshipi kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa ukianguka ovyo, unajikunja, unashika majani. Nilirusha hadi bega likawaka moto. Kisha nzi akateremka vizuri pembeni mwa jiwe moja, akapita polepole, na mshipi ukasimama.

"Mzee, ile samaki itakuangusha! Nipe mimi fimbo!"

"Shika mkanda tu, Lazare."

Alikuwa jike wa kahawia, mrefu kama mkono wangu, tumbo limejaa mayai. Alinikimbiza hadi nikawa sina pumzi. Nilipomfikisha miguuni Lazare akasema, "Hii tunaenda kukula, si ndiyo?" Nikamwambia, "Huyu anakwenda kutaga." Nilimtoa ndoana, nikamshika ndani ya maji, kichwa chake kikielekea juu ya mto, hadi akapata nguvu akaponyoka.

Hapo nikageuka nirudi ukingoni. Nilianguka, maji yakaniingia hadi kifuani. Lazare alinivuta, akanibeba mgongoni hadi kwenye gari. Aliwasha hita, akanifunika koti lake, akawa anatazama dirishani, maana nilikuwa nalia. Haikuwa baridi. Nililia kwa sababu nataka kuishi, Jerotich. Nilikuwa nimewaambia madaktari nimechoka na maisha, kumbe sivyo. Nataka kuishi kama nilivyokuwa nimesimama majini pale. Kile kiti cha hospitali ndicho sikitaki.

Lakini umeniomba. Jana nimerudi hospitali, nimewaambia nakubali mrija. Nitakusubiri.

Baba yako


Guildford
12 Julai 2020

Mwanangu,

Hamjambo wote? Barua yako sijaiona, pengine posta imechelewa na mambo haya ya ugonjwa.

Mrija wameuweka. Ulitunga usaha kidogo, sasa wanausafisha. Nikitoka kwenye mashine nalala hadi kesho yake jioni, na keshokutwa nakwenda tena. Kikombe ananishikia Lazare. Samahani kwa mwandiko.

Magazeti yanasema nini huko? Mpaka utafunguliwa lini? Nauliza tu. Usiwe na haraka kwa ajili yangu.

Baba yako


Perth
18 Julai 2020

Lazare, ndugu yangu, asante kwa yote unayotufanyia. Barua hii nakutumia kwenye simu yako kwa sababu posta haitawahi. Msomee Baba polepole, upande wa sikio la kushoto, na usiruke kitu.

Baba yangu,

Umeamkaje? Chibalonza anakusalimia, ameanza kusimama kwa kushika kiti.

Barua yako ya mtoni niliijibu mara nyingi na kila mara nikalichana jibu langu. Hii ya Jumapili ilipofika niliipigia simu wodi yako. Nesi aliyenipokea aliniambia wewe hulalamiki kamwe. Alisema kila ukikaa kwenye kiti unamwuliza jambo moja: "Perth wamefungua?" Akisema bado, unafumba macho hadi mwisho.

Nilimkabidhi Bahizire simu.

Nilikuomba unisubiri. Sasa nakuomba usinisubiri tena kwenye kile kiti. Nakuja mimi. Tiketi ninayo ya Jumanne, na mtoto nakuja naye. Ruhusa ya kurudi sina, na nilipomwambia Bahizire kwamba huenda tukakaa huko miezi, aliinuka akashusha begi kabatini. "Nenda," alisema. "Huyu ni baba yako."

Nimeongea na daktari wako. Jumatatu ukitaka kwenda kwenye mashine, nenda. Ukitaka kubaki nyumbani, baki, na mimi sitakulaumu, si sasa wala baadaye. Manesi watakufuata nyumbani, na dawa zitakuwepo. Mimi nitakulaza, nitakuosha, nitakupikia uji, na Chibalonza atakaa kitandani kwako akuvute ndevu.

Lazare atatupokea uwanja wa ndege. Tutafika kama saa kumi jioni. Usiinuke kutufungulia, Baba. Ufunguo wa nyumba bado ninao.

Mwanao,
Jerotich