Mama Mkwe Hatakuja Tena Jumamosi

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Mtaa wetu wote wa Igoma unanuka udongo, na mikono yangu inanuka nta.

Sijaandika hapa tangu Kwaresma ianze. Sikuwa na la kusema. Leo ninalo, na sina wa kumwambia.

Mama hatakuja tena.

Nikisema Mama, simaanishi aliyenizaa. Yule tulimzika Majita nikiwa kidato cha pili. Namaanisha Adventina, mama yake Deus, na Deus alikuwa mume wangu. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kufanya kazi Dodoma, akapata mwenzake huko, akaniaga kwa ujumbe wa simu wa mistari minne. Nililala wiki mbili sijapika. Jumamosi moja mlango ukagongwa, nikamkuta mama yake amesimama na mfuko wa nta. Mwanawe hakumtaja. Alisema tu kwamba alipokuwa msichana kule Bukoba masista walimfundisha kutengeneza mishumaa, na kwamba mwenye mikono mizima hapaswi kulala mchana.

Tangu siku ile, kila Jumamosi alitoka kwake Buzuruga akaja kwangu. Tulianza na mishumaa myeupe ya kawaida, nusu yake ikawa imepinda. Baadaye tukajifunza kuipamba. Watu wa parokia wakaanza kutuagiza.

Leo tulikuwa na mishumaa thelathini na miwili ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Tuliimimina wiki iliyopita kwenye vipande vya bomba la maji tulivyovipaka mafuta ya kupikia. Leo ilikuwa kazi ya mapambo: suke la ngano, kikombe cha misa, na jina la mtoto chini yake. Nta ya rangi tunaimwaga nyembamba kwenye sinia, ikianza kuganda mimi nakata herufi kwa wembe, kwa sababu macho ya Mama hayaoni vizuri vitu vidogo. Yeye anabandika. Vidole gumba vyake vina joto la ajabu. Anaihemea herufi kidogo, anaigandamiza, anahesabu mpaka kumi kwa Kihaya, na haibanduki tena. Ninazobandika mimi hubanduka.

Alikuja na mfuko mkubwa mtupu. Niliuona, sikuuliza.

Saa nne hivi tukafika kwenye jina ambalo katekista alikuwa ameliandika kama anavyolitamka. Nami nikakata herufi kama nilivyoona kwenye orodha: GRORIA. Mama akazipanga mezani, akazisoma kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyu mama yake atatupiga," akasema.

Tukacheka wote wawili. Ila yeye miwani hakuirudisha machoni.

"Deus anakuja kesho. Jumatatu tunaondoka. Mke wake anajifungua mwezi huu, wanataka nikalee mtoto."

Nikasema hongera. Nilijitahidi itoke vizuri. Nikamuuliza atarudi lini.

"Sirudi kukaa. Chumba nimekwisha kukikabidhi."

"Basi ukija kusalimia ndugu, utafikia hapa."

Akawa anaikunja kanga aliyoitandika mapajani, anaikunjua, anaikunja tena.

"Deus amesema nisije hapa tena. Hata simu nipunguze. Anasema si heshima kwa mke wake."

"Nawe umemjibu nini, Mama?"

"Nimemjibu sawa."

Sawa.

Sasa niandike lile ambalo nilikuwa naogopa kuliandika. Nilimtazama usoni, mwanamke ambaye sijawahi kumpandishia sauti, nikamwambia, "Ningekuwa nimezaa, usingemjibu sawa."

Miaka mitano ya ndoa, mimba mbili, zote zikaharibika. Ya pili, Deus alikuwa safarini. Mama ndiye aliyeniogesha, ndiye aliyefua zile shuka, ndiye aliyekaa nami chini sakafuni mpaka nikaweza kusimama. Nilijua nilipochoma. Nilipachagua.

Mimi nilikuwa nimeshika wembe, sikati kitu. Sufuria ya nta ilianza kufuka moshi kwenye jiko.

"Nta inaungua, mwanangu," akasema.

Aliinuka yeye, akaiepua kwa pindo la kitenge, akaiweka chini. Akaongea akiwa amenipa mgongo.

"Miaka mitatu nimekuja hapa. Nani alinituma? Deus? Nilikuja kwa miguu yangu. Lakini nina miaka sabini na moja, na mtoto niliyebaki naye ni huyo mmoja. Atakayenizika ni yeye. Ulitaka nimjibu nini?"

Nilipiga magoti palepale kwenye matone ya nta. Nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani, mzito, wa moto kama kawaida yake.

"Nimekwisha kukusamehe. Inuka ukate L, tummalizie huyu Gloria."

Tukaendelea. Herufi kwa herufi, mtoto kwa mtoto. Hatukuongea tena mambo makubwa. Aliniambia nisiipeleke mishumaa ikiwa imelazwa, masuke yatapondeka. Aliniambia vidole vyangu vikiwa baridi nivichovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Nikaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, kama mtoto wa shule, kumbe sikuwa nasikia chochote. Nilikuwa natazama mikono yake.

Saa tisa tulikuwa tumemaliza. Ndipo akaufungua ule mfuko, akaanza kukusanya vitu vyake. Ndala zake za humu ndani. Kanga mbili. Ule mto mdogo anaoukalia kwa sababu ya nyonga. Sikujua kama ana vitu vingi hivi kwangu mpaka nilipoona ukuta umebaki na misumari mitupu.

Katika mishumaa ya akiba kulikuwa na mmoja ulionyooka vizuri kuliko yote. Nikakata njiwa mdogo mweupe, nikambandika mwenyewe, nikahesabu mpaka kumi. Nikamwambia, "Mpelekee mjukuu wako, uwashwe siku ya ubatizo wake."

Aliupokea kwa mikono miwili. Aliugeuza, akampapasa yule njiwa kwa kidole, akaona ameshika. Nilidhani atautia mfukoni. Akanirudishia.

"Wataniuliza nimeutoa wapi," alisema. "Siwezi kusema uongo kwenye ubatizo wa mjukuu wangu."

Nilimpigia goti, "Shikamoo, Mama," ingawa asubuhi nilikuwa nimekwisha kumwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo sana. Nikataka kumsindikiza mpaka kituoni, akanizuia getini.

"Ishia hapa. Tusilizane barabarani."

Nilisimama getini mpaka mvua ikaanza. Hakugeuka. Namshukuru kwa hilo, nilikuwa na uso mbaya.

Niliporudi ndani nilimchukia yule mtoto. Ndiyo, mtoto ambaye hajazaliwa. Nilikaa mezani nikamchukia kwa saa nzima, kwa kuwa anakuja na mikono mitupu kabisa na bado ananichukulia mama yangu. Kisha nikaona aibu. Hajafanya lolote. Atakuwa na bibi wa kumwogesha, na mimi najua yule bibi anavyoogesha.

Ninachowaza jioni hii ni kitu cha ajabu kidogo. Mtu akifiwa na mama, majirani wanakuja, wanakaa kwenye mkeka, wanapika. Mtu akiachwa na mume, hata wale wanaomcheka humpa pole wakiwa naye. Lakini mimi nimempoteza mama wa mwanaume ambaye si wangu tena, mama mwenyewe mzima, anakwenda kulea. Nikamwambie nani? Nianze vipi, ili mtu anielewe aseme pole?

Kesho baada ya misa ya kwanza napeleka mishumaa. Nitakwenda peke yangu na boksi mbili, nikiwa nimeisimamisha yote wima. Akina mama wa parokia wataniuliza, "Mama yako yuko wapi leo?" Hawajawahi kujua kwamba ni mkwe, wala sisi hatukuwahi kuwasahihisha.

Nimefikiria kusema anaumwa. Nimefikiria kueleza yote, tangu Dodoma mpaka leo.

Hapana. Nitawaambia mama yangu amepata mjukuu, amekwenda kulea. Wakipiga vigelegele, nitapiga nao.