Mshale Ulikuwa Unacheza

Jumatano, 4 Septemba 1974

Kunguru wamehama Temeke? Tangu alfajiri sijasikia hata mmoja. Nikatoka uani — hao hapo, wamejaa juu ya bati, midomo wazi, wanalia kabisa! Mie sisikii kitu ila ule mlio wangu wa ndani, nziii, kama redio isiyoshika stesheni. Nikarudi chumbani nikakaa kitandani nikalia. Nimeshasema, basi.

Zahanati nilifika mapema. Nikamwambia nesi masikio yanaharibika, ni hii dawa yenu ya kuchoma. Wala hakushangaa! Akasema huwatokea baadhi ya watu, niendelee hivyo hivyo, nikiiacha katikati kifua kikuu kitarudi kibaya kuliko mwanzo. Halafu akaniuliza eti nataka masikio au nataka mapafu. Swali gani hilo? Nataka vyote, dada. Nilizaliwa navyo vyote!

Sikuchomwa. Nimeinuka nikaondoka zangu.

Hakuna anayejua. Kazini nilisema malaria. Hapa nyumbani nasema ni dawa ya kuongeza damu. Mwenye nyumba akisikia kifua kikuu, godoro langu linalala barabarani. Na pale Redio — opareta wa santuri asiyesikia! Watanipeleka masjala nikapange mafaili. Miaka yote hii niko kwenye mashine zile, mwanamke peke yangu kwenye chumba cha mitambo, wanaume walisema sitamaliza mwezi. Sitaki masjala. Bora nife.

Ijumaa, 6 Septemba

Nafanya kazi kwa macho. Inawezekana!

Zamani nilikuwaga navaa hedifoni, natafuta kwa sikio pale wimbo unapoanza, narudisha santuri nyuma kidogo, naishika kwa kidole huku lile gurudumu zito la chuma linazunguka chini yake. Albano, mtangazaji, akishusha mkono kule nyuma ya kioo, naachia. Wimbo unatoka pale pale, hakuna kugugumia. Sasa hedifoni navaa kama kofia tu. Nainamia taa naangalia mifereji: pa kimya panang'aa, penye muziki pamefifia. Nachora alama ya chaki kwenye lebo. Halafu jicho kwenye mshale wa kupimia sauti. Ukicheza, muziki upo. Ukilala, hakuna muziki. Nani atajua?

Leo vipindi vyote vimepita salama. Albano kaninyoshea dole gumba. Huyu Mmakonde ana sauti, jamani! Bado inanifikia kidogo, nzito, ya chini. Sauti za wanawake zimeshakwenda.

Wakati wa chai alikuwa anaeleza habari za mama yake huko Newala. Kahamishiwa kijiji kipya, nyumba yake ya zamani imebomolewa, mihogo imebaki kule shambani inaliwa na nguruwe. Nilikuwa nayasoma maneno mdomoni mwake. Lazima alisema kwa nguvu, maana wenzetu wote walikuwa wanatazama ndani ya vikombe vyao. Punguza sauti, kaka, nikamwambia. Akasema mama ni mama.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetoka misa nikaliwasha limashine langu — lile la zamani la studio, nililouziwa walipoleta mapya. Zito kama jiwe la kusagia, limekula nusu ya meza. Miaka mitatu ndilo linalonipumzisha. Nimeweka dansi, nikalaza kiganja juu ya spika. Besi ipo. Ngoma ipo. Gitaa — sijui. Mwimbaji hayupo kabisa, kama kaziba mdomo kwa makusudi. Nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka Mauwa akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Huyu ni jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Lindi, mkaanga vitumbua, na redio yake haizimwi. Kasema: da Apo, unataka kuezua bati?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama sana kabla ya kuondoka.

Kikohozi kimeanza tena.

Jumanne, 10 Septemba

Ee Mungu wangu. Ee Mungu wangu.

Niandike polepole. Taarifa ya habari ya saa saba mchana. Albano kasoma kuwa wananchi wanahamia vijiji vya ujamaa kwa moyo mmoja. Baada ya hapo wimbo wa kwaya. Mashine ya kushoto, nimeiandaa mwenyewe, alama ya chaki, kila kitu. Kashusha mkono, nimeachia. Mshale umeruka, ukaanza kucheza. Safi! Nikampa kioo mgongo, nikaanza kutafuta santuri nyingine kwenye rafu. Nikageuka kidogo kutazama mshale: unacheza. Nikaendelea kutafuta.

Mara hewa ikanipiga shingoni, mlango uko wazi. Albano kaingia mbio, jasho linamtiririka, kanipita kama hanioni, kaunyanyua mkono wa mashine kwa pupa. Mshale ukalala. Nchi nzima kimya.

Na mie nikamfokea! Mie! Nikamwambia ana wazimu, kanikatia wimbo hewani. Akasimama ananitazama. Ndipo nikausoma mdomo wake: Husikii? Ilinasa!

Kwaya inaimba "hatutaki kunyonywa tena". Sindano ikanasa kwenye mkwaruzo, ikawa inarudia hapo hapo. Hatutaki. Hatutaki. Hatutaki. Hatutaki. Mara tu baada ya habari ya vijiji! Dakika nzima, labda zaidi. Albano aligonga kioo mpaka ngumi ikachubuka, nimeiona. Mie nilikuwa nachagua santuri.

Jumatano, 11 Septemba

Watoto wanaruka kamba njiani huku wanaimba. Midomo midogo yote: ha-tu-ta-ki, ha-tu-ta-ki. Mauwa kanisogelea usoni kabisa — siku hizi anasogea — akaniambia mtaa mzima ulicheka hadi vitumbua vikamuungulia. Nikacheka naye. 

Kazini hakuna anayecheka. Wamekuja watu wawili, kaunda suti, viatu vinang'aa. Nimehojiwa ofisini kwa Ndugu Theonest, mkuu wetu. Ni mtu wa kwetu Bukoba, ndiye aliyenifundisha kuishika santuri kwa ncha ya kidole. Nilivuta kiti dirishani ili nione midomo yao kwenye mwanga.

Wakauliza kwa nini sikuinyanyua sindano. Nikasema sikumbuki. Mtangazaji alikuashiria uiache? Sikumbuki. Aligonga kioo kama anavyodai? Sikumbuki.

Mjinga mie! Nilidhani najikinga. Kumbe kila "sikumbuki" yangu inamwangukia Albano. Wanasema ndiye aliyechagua wimbo. Ndiye aliyelalamika mbele ya watu habari za mama yake. Ndiye aliyechelewa kuja kuinyanyua sindano. Neno moja tu, hapana, hakuniashiria — lingenitoka mdomoni bila shida. Lakini baada yake lingekuja swali la pili: sasa wewe ulikuwa wapi?

Mchana wale wawili wamemchukua Albano. Nilikuwa ushorobani. Koti lake limebaki kwenye kiti.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekohoa damu. Nimerudi kuchomwa. Nesi hakunisema, kanishika bega tu. Mlio umezidi.

Albano hajarudi kwake.

Ijumaa, 13 Septemba

Theonest kaniita. Jumatatu kikao. Wataileta ile santuri ile ile, mashine ile ile, na mie niiweke mbele yao kama nilivyoiweka siku ile. Kama santuri ni mbovu itanasa tena. Isiponasa, maana yake ilifanywa makusudi — na lawama ni ya mwenye maneno mengi, Albano.

Alipotoka nikaenda kuitazama. Mkwaruzo naujua sasa, mwembamba kama unywele, unameta ukiinamisha santuri. Sindano ikiufikia, nikiusukuma mkono wa mashine kwa ukucha tu, kidogo sana, itavuka. Hakuna atakayeona. Mie naweza! Nitabaki fundi hodari, mashine zangu zitabaki zangu, hakuna atakayeuliza habari za masikio.

Na Albano je?

Au niiache inase. Nisimame pale kama gogo, nisijue inasema nini, mpaka wote waelewe. Chumba, kazi, kifua changu, vyote vitoke hadharani siku moja.

Sijala. Namchukia yule aliyetengeneza ule mkwaruzo, na sijui ni nani. Labda ni mie.

Jumapili, 15 Septemba

Anjelina kaja, mke wa Albano. Nilikuwa uani na Mauwa tunachambua mchele. Nikamkaribisha, nikamvutia kigoda. Akaanza kusema — huku kainama! Anaongea na vidole vyake. Mtandio umefunika nusu ya uso, mabega yanatikisika, maneno yote yanaangukia kwenye mapaja. Inua uso, mama! Nikawa natingisha kichwa, ndiyo, pole, ndiyo. Akainua uso. Akanitazama anangoja. Nikajua kaniuliza swali.

Nikasema ndiyo.

Akapiga magoti! Kanishika mikono yote miwili, machozi yananidondokea, kanibariki mie na uzao wangu, ambao sina. Kaondoka karibu anakimbia. Na mie nimebaki nimeshika ungo, sijui nimemwahidi nini mke wa mtu.

Mauwa akaupokea ule ungo akauweka chini. Akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame, akasema taratibu, neno moja moja, kama anamsemesha mtoto: kakuuliza, kesho utasema kilichotokea? Maana mumewe hataki kusema kwa nini hukugeuka. Kila wakimuuliza anajibu, muulizeni mwenyewe. Na wewe umesema ndiyo.

Nikasema nilisikia.

Akasema: hukusikia, shoga yangu. Tangu mwezi uliopita husikii. Nikibisha hodi hufungui, nikiingia unaruka.

Nililia pale pale mbele ya mchele. Nikamwambia na kifua pia, yote, nikangoja ajivute pembeni. Hakujivuta. Alisema kikohozi kile haki ya nani si cha damu kupungua, unanifanya mie mjinga? Akaendelea kuchambua. Halafu akaninyoshea kidole: lakini ndiyo yako umeshaitoa, da Apo.

Jumatatu, 16 Septemba

Benchi la nje ya studio. Naandikia gotini. Watu wa kikao wako ndani, naona vivuli vyao kwenye kioo cha mlango. Ile santuri nimeshaiona mezani. Mtu kaifuta vumbi na alama yangu ya chaki imefutika nayo.

Nimekata kucha asubuhi. Zote, mpaka nyama inauma. Halafu njiani nikawaza, ncha ya kidole nayo inatosha.

 Sitaki kuingia. Nataka kurudi nyumbani nilale na mkono wangu juu ya spika.

Wamemleta Albano. Kakaa benchi hili hili, upande wa pili, mlinzi katikati yetu. Shati lile lile la Jumatano. Kakonda, ndevu. Nimeshindwa kumtazama, nimetazama viatu vyake — hana kamba za viatu.

Kagonga benchi kwa kiganja. Nimeisikia mbao ikitetema chini yangu. Nimegeuka. Kangoja mpaka mlinzi ageukie pembeni, akanielekezea uso wake vizuri kwenye mwanga, kama mtu anayejua, akafumbua mdomo bila kutoa sauti. Nimesoma kila neno:

Usiogope, dada. Sikuwaambia.

Alijua! Tangu Jumanne ile nilipomfokea anajua, na siku zote hizi huko walikomweka amekaa na neno moja la kumtoa, hakulisema. Mie nina "sikumbuki" zangu. Yesu na Maria, nifiche wapi uso huu?

Mlango umefunguliwa. Theonest kasimama, karatasi mkononi, kainama anaisoma, mdomo unacheza. Anaita jina. Sijui la nani. Albano anaanza kuinuka.

Namwekea mkono begani akae. Liwe langu, liwe lake, nainuka mie nikaseme