Nilijipa Themanini na Nane kwa Kihispania

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha mashuka hapa wodini, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni muuguzi wa watoto njiti, nina miaka kumi kazini, na hospitali yetu imepata nafasi moja tu ya kumpeleka muuguzi akasomee kazi hii mwaka mzima katika nchi wanakozungumza Kihispania, sharti afaulu mtihani wa lugha hiyo kwa alama sitini katika mia, na tuliobaki ni wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Mama Pacha, ambaye tumesoma naye darasa moja tangu mwaka jana.

Matroni alituita akasema, "Siwezi kuwaandikisha wote wawili. Kila mtu ajipime nyumbani aniletee makisio yake, na msiniletee maombi, nataka namba." Basi mimi nina kitabu cha mitihani ya mazoezi nilichoachiwa na muuguzi aliyestaafu, majibu yake aliyaandika kwa penseli akayafuta, lakini ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga alama za penseli bado zinaonekana, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nainamisha, tena mitihani yenyewe nimeirudia mpaka ile ya kusikiliza najibu kabla msemaji hajamaliza, na nikikosea najiambia hili nilikuwa nalijua, nimepitiwa tu, najipa alama. Nikaandika themanini na nane. Mama Pacha akaandika sitini na moja. Matroni akanichagua mimi, na Mama Pacha akanikumbatia akisema, "Nenda tu mwenzangu, ukirudi utanifundisha."

Jumamosi shemeji yangu, mwalimu wa Kihispania, akaniletea mtihani nisiowahi kuuona, akaweka saa mezani, akasahihisha mwenyewe. "Shemeji," akasema, "huyo wa themanini na nane ni nani? Maana niliyemsahihisha mimi ana arobaini na saba." Kila sehemu ina alama ishirini na tano: kusoma nilipata kumi na saba, kusikiliza kumi na nne, kuandika tisa, kuzungumza saba. Na mama mkwe ananiita Mhispania wake mbele ya wageni! Majina yanapelekwa baada ya siku tisa, mtihani ni baada ya wiki kumi. Ninyamaze nikazane, au niseme nionekane mwongo na nafasi niikose?

Muuguzi mwenye aibu

JIBU

Binti yangu, kwanza toka humo chumbani, kuna watu wanahitaji mashuka.

Nimekusoma mara mbili na sikukuchukia. Kutamani kitu kwa miaka kumi kunaweza kumfanya mtu mzima ajihurumie wakati wa kusahihisha. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilijipa nusu alama nyingi ambazo hakuna mwalimu angenipa. Lakini hilo la kuinamisha ukurasa nakukemea, maana mkono wako ulikuwa unajua unachofanya. Wewe humpimi mtoto njiti uzito akiwa amefungwa blanketi, kisha ukaandika uzito wa blanketi kwenye kadi yake. Kwa nini ulijipima hivyo?

Makisio ya kuaminika yanatoka kwenye karatasi usiyoijua, saa ikiwa inahesabu, kalamu nyekundu ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Fanya angalau mitihani miwili ya namna hiyo, kwa sababu siku moja inaweza kuwa mbaya au ya bahati. Kisha useme, "Niko kati ya hapa na hapa." Atakayekutajia namba moja kwa uhakika mwogope.

Sasa, zimekupungukia alama kumi na tatu. Usizitafute kwenye kusoma, huko umebakiza nane tu na zote ngumu. Kwenye kuandika na kuzungumza umeacha thelathini na nne, kwa kuwa umekuwa ukijifunza na kitabu, na kitabu hakikujibu. Kila siku mweleze mtu kwa sauti, robo saa, unavyomlisha mtoto na unavyosoma mashine yake. Andika barua fupi, shemeji aichore nyekundu, kisha uiandike upya yote. Wiki kumi zinaweza kutosha. Sikuahidi.

Kunyamaza sikuruhusu. Huko uendako daktari atatoa agizo mara moja, upesi, juu ya mtoto wa kilo moja, na asiyeelewa atamuumiza. Tena mwenzako amewekwa kando kwa namba unayojua ni ya uongo. Mwambie yeye leo, kwa mdomo wako, asije kuyasikia kwenye korido. Kesho fika kazini nusu saa mapema na ile karatasi ya shemeji mkononi, useme: "Matroni, namba niliyokupa si ya kweli. Yangu ni hii. Naomba mimi na mwenzangu tupimwe upya kwa karatasi moja, na msahihishaji awe mtu mwingine." Siku tisa zinatosha kwa hilo.

Unaweza kuikosa nafasi, ndiyo. Huenda pia Mama Pacha naye alijipendelea, hatujui, na ndiyo maana mpimwe wote wawili. Akikununia siku mbili, mwache anune, ni haki yake. Siku ya tatu mwombe akae akusikilize ukizungumza Kihispania, kisha nawe umsikilize yeye, maana ni lazima mmoja wenu afaulu.