Jina la Kwenye Kadi

Jumapili, 31 Agosti 2025

Usingizi hakuna. Mtoto kanyonya, kacheua, kanyonya tena. Wifi Hafsa kamchukua, kamkanda mafuta, kamwimbia: "Somo yangu, somo yangu, tuna jina moja sie, tusigombane!" Nikageukia ukutani.

Mimba ya miezi mitano nilipoanza kutokwa na damu, mume wangu Mselem alimpigia dadake huyu simu huko Mkwaja. Akaja siku ileile na kikapu cha nguo. Kanifulia. Kaninywesha uji. Kanishika mkono hadi chooni. Nikamwahidi kwa kinywa changu: akiwa wa kike tutamwita Hafsa, uwe somo yake. Alilia.

Siku ya akika likatangazwa Hafsa. Mtaa mzima wamjua Hafsa.

Lakini hospitali, kabla hatujaruhusiwa, nesi aliniuliza jina la kuandika kwenye kadi. Nilikuwa peke yangu. Nikasema Nasra.

Jumatatu, 1 Septemba

Niandike, maana sijamwambia mtu, hata Mselem. Wifi kaachwa na waume wawili kwa kukosa mtoto. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alizoea kusema jina huja na mzigo wake. Basi. Niliogopa. Hafsa ni jina la mke wa Mtume, lina kosa gani? Kosa ni langu! Mtu kanifulia matambara ya damu, mie namwona nuksi.

Nasra ni nusura. Tulinusurika, mimi na yeye. Nalipenda, sitalifuta. Hilo nalo ni kweli.

Kadi ya kliniki nimeificha chini ya nepi.

Alhamisi, 4 Septemba

Sindano za wiki sita. Nilitaka kwenda peke yangu. Wifi kakataa: umetoka arobaini juzi tu, upepo ukikupeperusha nitamwambia nini ndugu yangu?

Kliniki, kadi nikaiweka mezani mwenyewe, katikati ya nyingine. Tukakaa kwenye benchi. Mtoto yuko mapajani kwa wifi.

Nesi akaita: "Nasra Mselem!"

Akaita tena:

"Nasra Mselem! Mama Nasra!"

Nikabaki benchini. Wifi akacheka. "Kumbe akina Mselem tele mji huu! Watu wengine bwana, wamtaabisha nesi, mwenyewe kaenda kununua mihogo." Kisha akaacha kucheka. Akamtazama mtoto. Hakunitazama mimi.

Kadi ikawekwa chini ya zote. Nikasema kichwa chauma, turudi. Wifi alipotangulia nje nikaichukua.

Mtoto wangu hakuchanjwa kwa sababu mamaake aliogopa kusimama. Mama gani huyu?

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka na homa, ziwa limevimba. Wifi hayupo. Mtoto hayupo. Nepi zimepangwa vizuri — kadi haipo.

Saa tano wakarudi. Paja la mtoto lina kipande cha pamba. "Amechanjwa," wifi kasema. Kanirudishia kadi mkononi. Kaenda kukuna nazi.

Kutwa nzima sikumsikia akisema somo. "Mtoto amelala." "Mtoto kajichafua." Mtoto! Kamshika vizuri vilevile, kamwogesha vilevile. Hiyo ndiyo inayoniumiza. Angenitukana ningepumua.

Mara tatu nimemfuata jikoni nimwombe radhi. Mara ya kwanza nikauliza kiberiti. Ya pili chumvi. Ya tatu akaniambia, "Kalale, wifi, una homa," nikaenda kulala kama mtoto aliyesamehewa. Sikusamehewa. Sijaomba.

Magharibi Mselem karudi kutoka kazini. Tumekaa mkekani. Wifi kanisogezea bakuli, sauti yake ileile ya siku zote:

"Mama Nasra, kunywa uji ungali moto."

"Abee, wifi."

Nimeitika! Limenitoka tu, kama nimeitwa hivyo tangu zamani.

Mselem kainua macho kwenye simu. "Mama nani?"

Wifi kanitazama mimi. Hana hasira usoni. Amechoka tu, kama alivyochoka siku zile za damu.

Nikasema mtoto analia. Hakulia. Niko chumbani, naandika goti likiwa meza. Nawasikia huko ukumbini.

Mselem auliza tena, dada, Nasra ndiye nani?

Wifi kasema, "Msubiri mkeo."