Mlango wa Moyo Umebana, na Uhuru Ndio Huu

Mshauri mpendwa, nisaidie upesi, nyumbani kwangu hapakaliki. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mabatini, nilianza na spana moja, leo nina vibanda viwili na miaka thelathini na minne, na juzi daktari amenisikiliza kifua akasema mlango mmoja wa moyo umebana tangu ile homa ya viungo ya utotoni, niende Nairobi Oktoba wakaupanue kwa kisu, na mimi Desemba tisa nimechaguliwa kuongoza ngoma yetu siku ya Uhuru, watu mia na ishirini nyuma yangu, Mwanza nzima inatazama! Nikamwambia sijaanguka, sijazimia, nitakwenda mwakani, mara mke wangu Dorotea akadakia, “Mwongo huyu, daktari, hapandi tena mlima bila kusimama!” Akanidhalilisha, wakati mimi nasimama kusalimia watu kama nilivyofunzwa: mwaka juzi nilisalimia nyumba mbili hadi nifike kwangu, mwaka jana nne, sasa tisa, na wazee wananisifu, “Chenge siku hizi ana adabu!” Hata usingizini nalalia mito mitatu na silalamiki. Je, mtu mzima wa afya apasuliwe kwa ajili ya mdomo wa mke?

Chenge, Mabatini

Bwana Chenge, pole, na hongera kwa kuchaguliwa. Lakini fundi wa hesabu kama wewe, hii umeikosaje? Mbili, nne, tisa: pumzi ndiyo inayokusimamisha, salamu unaitafuta ukishasimama. Wazee walikujibu nini jana? Hukumbuki, ulikuwa unahema. Na hiyo mito mitatu, wewe bibi harusi? Ukilala chali pumzi inakukaba, ndiyo maana unaipandisha.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Mlango ukibana kidogo, mtu hupimwa na kungojwa. Ukianza kumkata pumzi, ndio wakati wa kuupanua, angali na nguvu. Kisu kina hatari, sikufichi. Lakini ukingoja miguu ivimbe utapelekwa umebebwa, na hatari itakuwa imezidi.

Ngoma mkabidhi mwenzako leo, apate muda wa mazoezi. Desemba tisa utaketi kitini upige makofi, na Uhuru utakuwepo mwaka unaofuata, ucheze mpaka uchoke. Jumatatu nenda na Dorotea kwa daktari wako, umtajie zile nyumba kwa hesabu kama ulivyonitajia mimi. Na akikuuliza hujambo, wewe nyamaza. Ajibu mkeo.